Pole Iliyotimiza Akidi

Jumatano ya tatu ya mwezi wa tano, kabla ya saa sita mchana, nilikipoteza kifungu cha saba. Sikuibiwa, wala hakuna aliyenishika mkono. Niliingia nacho ukumbini kwa miguu yangu mwenyewe, nikatoka bila. Najua mmeshausikia mkasa huu, maana hapa Soni hakuna asiyeujua, na wengine mnausimulia vizuri kuliko mimi (yule mama wa viazi pale stendi anaigiza mpaka sauti yangu), lakini mnausimulia kwa kucheka na mnaruka sehemu zinazonichoma, kwa hiyo leo niacheni niusimulie mwenyewe, aibu yote, bila kujitetea.

Mimi nilikuwa diwani. Elimu yangu ni darasa la saba, kazi yangu ni karoti na kabichi, na udiwani niliupata kwa sababu wanawake wa kata yangu walichoka kuahidiwa daraja. Chama changu ni kidogo, sitakitaja, wala sitaitaja halmashauri, maana waliokosea ni watu na wa kwanza wao ni mimi. Katika baraza zima tulikuwa watatu tu. Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Singano, mstaafu, mtu anayesoma kanuni za baraza kama wengine wanavyosoma Zaburi, na wa tatu alikuwa Athumani, mfanyabiashara wa mboga, mdogo wangu kwa umri, mwenye maneno mengi na roho nyepesi.

Serikali ilikuwa imeleta sheria ndogo ya makazi. Nyumba zote zilizo kwenye miteremko mikali zibomolewe, na wenyewe wahamie kwenye nyumba mpya zitakazojengwa chini, kwenye tambarare. Jambo lenyewe si baya. Kila mtu wa huku anajua udongo wetu mvua ikizidi unafanya nini. Ubaya ulikuwa kwamba rasimu ilitaja siku ya kubomoa, lakini nyumba mpya ilizitaja kwa neno moja tu, "baadaye". Watu wa kitongoji chetu walipoisikia, wengine walianza kuwapigia ndugu zao wa Magoma kuuliza kama kuna chumba.

Mume wangu Zakayo alikuwa fundi seremala. Aliisoma rasimu ile akiwa na penseli nyuma ya sikio, akafika mwisho, kifungu cha sita, akaguna, akachana karatasi kwenye daftari la mtoto akaandika cha saba: "Hakuna nyumba itakayobomolewa kabla mwenye nyumba hajakabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya." Basi, sentensi moja. Akaniambia, "Mke wangu, hii ukiipitisha hata ukishindwa uchaguzi utakuwa umefanya kazi." Mwezi wa pili kifua kikambana, tukamzika. Kaburi lake liko pembeni ya nyumba ya mama yake, na nyumba ya mama yake iko kwenye mteremko. Mama mkwe wangu hana nyumba nyingine. Kwa hiyo nisemapo kifungu cha saba muelewe nasema kitu gani.

Sasa mtauliza watu watatu wangewezaje kulilazimisha baraza zima. Mwalimu Singano ndiye aliyeona upenyo. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, kikao kile kilikuwa cha mwisho kabla ya baraza kuvunjwa, na wakubwa walitaka sheria ipite ili wapande nayo jukwaani. Lakini madiwani wao wenyewe wanaotoka kwenye miteremko walikuwa wanaogopa wapiga kura wao, na siku ile waliugua wote (mmoja jino, mmoja tumbo, mmoja alisema ng'ombe wake anazaa). Kwa hiyo akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ndani ya ukumbi ili kikao kihalalike, ilipungua kwa watu wawili. Na sisi tulikuwa watatu, tumekaa nje.

"Kanuni inasema mpaka saa sita," Mwalimu alituambia asubuhi, tumesimama kwenye ukuta mfupi wa mawe mbele ya ukumbi, ukungu umeshuka mpaka kwenye viatu. "Saa sita ikifika bila akidi, kikao kinaahirishwa, na hakuna kikao kingine. Watatujia tu. Wakituletea kifungu cha saba kimechapwa na kimetiwa sahihi ya Mwenyekiti, tunaingia. Wakileta maneno matupu, tunakaa. Msiingie ndani kwa jambo lolote. Msinywe chai yao. Msipokee simu zao. Umeelewa, Athumani?"

"Mbona unanitazama mimi tu, Mwalimu?"

"Kwa sababu ya maandazi."

Tulicheka. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alijua mimi sinunuliki kwa chai, na alikuwa sahihi.

Saa tatu na nusu akaja katibu wa vikao, dada mmoja mpole aliyebeba mwavuli, akatuamkia vizuri akasema Mwenyekiti anapendekeza kifungu kiandikwe kwamba wanaohamishwa "watapewa kipaumbele". Mwalimu akamwambia, "Binti yangu, kipaumbele hakina mlango wala paa. Rudi." Akarudi. Saa nne akaja tena: Mwenyekiti anauliza, je, chama chenu kingefurahi kupewa uwanja wa shule kwa mikutano ya kampeni? Athumani akafungua mdomo, Mwalimu akamkanyaga. Saa nne na nusu likaja birika la chai na maandazi, yakawekwa kwenye ukuta karibu yetu bila neno, yakafuka moshi pale mpaka yakapoa. Athumani aliyapa mgongo, maskini, na kila akisikia harufu alikuwa anakohoa.

Wananchi walikuwa wamejaa nje, maana walikuwa wamefungiwa spika mbili ili wasikilize kikao. Mama mmoja wa kitongoji chetu alinipitia akaniminya bega. "Shikilia hapo hapo mama. Usitikisike." Nikamwambia sitikisiki. Nilisema hivyo kabisa, kwa mdomo huu.

Saa tano na kitu, mlango ukafunguliwa akatoka Mwenyekiti mwenyewe. Ni mzee wa makamo, mkubwa kwangu, amesoma shule moja na Zakayo. Nikasimama nikampa shikamoo, akaitika, halafu hakumtazama Mwalimu wala Athumani, akanitazama mimi na gauni langu jeusi.

"Mama, mimi sikuja kwa ajili ya sheria," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu Zakayo aondoke baraza halijakutana. Wajumbe wanataka kusimama kidogo wamkumbuke, tufanye sala, ndipo tuendelee kuwasubiri. Wameshasimama. Lakini hatuwezi kumsimamia marehemu mjane wake akiwa nje kwenye mvua. Itakuwa tumefanya nini?"

Hapa ndipo penye uamuzi mdogo ulionipoteza. Nyinyi mnajua kwetu pole inapokelewaje. Watu wakija kukupa pole, hukai nje. Unaingia, unakaa chini kati yao, unatoa mkono kwa kila mmoja mpaka wa mwisho, na huinuki mpaka aliyeongoza sala aseme amina. Mfiwa anayewaacha watu wamesimama kwa ajili ya maiti wake, naye yuko nje anajishughulisha na mambo mengine, huyo anasemwa mpaka wajukuu zake wanaolewa. Hata adui ukimkuta kwenye matanga unamkalisha. Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa, polepole, lakini hakusema neno, kwa sababu naye ni Msambaa kama mimi, na kumwambia mjane usiende kupokea pole ni neno ambalo mdomo wake haukuweza kulitoa.

Nikasema moyoni, dakika mbili. Napokea pole, natoka.

Nikaingia.

Jamani, walikuwa wamesimama kweli. Ukumbi mzima, wanaume wamevua kofia, kimya mpaka ukawa unasikia mvua juu ya bati. Nilikuwa sijalia tangu siku ya maziko (mimi siyo mtu wa kulia mbele za watu), lakini kuwaona watu wazima wale, wengi wao nilishawahi kugombana nao hadharani, wameinamisha vichwa kwa ajili ya fundi seremala, kulinitoa machozi. Mtu akanisogezea kiti. Nikakaa. Kilikuwa kiti changu, chenye jina langu mbele yake, na wala sikujali.

Sala ikasaliwa. Kisha wakaanza kupita mmoja mmoja kunipa mkono, pole mama, pole sana, Mungu akutie nguvu, na katikati ya mikono ile nikaona mkono ninaoujua, wa Athumani.

"Wewe unafanya nini humu?" nikamnong'oneza.

"Dada, umeingia peke yako kupokea pole, mimi nikae nje nimekunja mikono? Watu watanionaje? Pole dada." Naye macho yalikuwa mekundu. Akakaa kwenye kiti chake, pembeni yangu, kama ndugu wa mfiwa anavyotakiwa.

Nikainua macho nikamwona Mwalimu Singano dirishani, upande wa nje. Kioo kilikuwa na mvuke, amepangusa duara dogo, uso umelijaza, anafungua mdomo na kuufunga, na kidole kinagonga. Ninyi mnaoigiza huwa mnasema sikumwona. Nilimwona. Niliinamisha macho, kwa sababu mfiwa hatazamitazami madirishani wakati watu wanampa mkono. Nilifikiri, ngoja wamalize hawa watatu waliobaki.

Ndipo akaja katibu wa vikao na daftari, akaliweka mbele yangu limefunguliwa na kalamu juu yake. "Weka sahihi hapo Mheshimiwa, ni utaratibu tu." Hapa ningeweza kuwadanganya niseme nilidhani ni daftari la rambirambi, na nusu ya watu wa Soni wamenitetea hivyo, Mungu awabariki. Siyo kweli. Juu liliandikwa MAHUDHURIO kwa herufi kubwa na mimi nasoma vizuri. Nililiona neno, nikajua maana yake, na mkono wangu ukaandika, kwa sababu yule dada alikuwa ndiye wa mwisho kunipa pole, alikuwa ameinama mbele yangu na machozi yake shavuni, watu wote wananitazama, na niliona aibu kusema hapana. Ni hivyo tu. Niliona aibu. Daftari likasogezwa kwa Athumani, akaona jina langu, akaandika lake chini yake.

Mwenyekiti akakaa, akavaa miwani. Akasema kwa sauti ileile ya sala, hakuibadilisha hata kidogo: "Waheshimiwa, nawashukuru. Naarifiwa kwamba akidi sasa imetimia. Kikao kimefunguliwa. Ajenda ya kwanza, sheria ndogo ya makazi."

Nilisikia kama mtu amenimwagia maji ya kisimani mgongoni. Nikasimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yangu kwa kishindo, nikashika meza, na kumbe meza ina kile kitufe cha kipaza sauti, kiganja changu kimekilalia, taa nyekundu imewaka, na nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni:

"Jamani, mimi nilikuja kupokea pole tu!"

Spika zote mbili za nje zikalibeba neno hilo. Nilijisikia mwenyewe kutoka uani, neno likigonga mlima wa pili na kurudi: pole tu. Ukumbi ukacheka. Siyo wote, na siyo kwa ubaya, lakini walicheka, watu walewale waliokuwa wamenishika mkono, na nje nilisikia uwanja mzima ukinyamaza. Sijawahi kusikia watu wengi wakinyamaza pamoja namna ile.

"Mwenyekiti, natoka," nikasema. "Mimi na mwenzangu tunatoka."

"Unaruhusiwa, mama," akanijibu kwa upole. "Lakini akidi ikishatangazwa imetangazwa. Kanuni hizo Mwalimu wako anazijua."

Nilitazama dirishani. Lile duara dogo kwenye kioo lilikuwa tupu.

Basi hatukutoka, kwa sababu kutoka kungekuwa hasara juu ya hasara. Nilitoa karatasi ya Zakayo kwenye pochi nikaisoma, nikaomba iwe kifungu cha saba. Mstari wa pili nikausoma mara mbili. Walipiga kura. Tuliokubali tulikuwa wawili, mimi na Athumani. Sheria ikapita na vifungu vyake sita, na kabla ya saa sita kugonga walikuwa wameshafika kwenye ajenda ya vyoo vya soko.

Nilipotoka, katibu wa vikao alinifuata mpaka kwenye korido. Alinishika kiwiko. "Mama, nikuambie kitu, usiseme nimekuambia mimi." Nimeamua kukisema bila jina lake. Aliniambia kwamba kabla Mwenyekiti hajatoka kuja kuniita, alikuwa ameshamwagiza achape kifungu cha saba, neno kwa neno kama tulivyotaka. Kilikuwa kimefika kwenye mashine. Walikuwa wameshakata tamaa. Ndipo mmoja akauliza, hivi yule mama siyo ndiye aliyefiwa?

Nilikaa chini pale pale koridoni, kwenye sakafu.

Mwenyekiti alinikuta hapo. Akachuchumaa, mtu mzima yule na suti yake. Akasema, "Mama, utanichukia na una haki. Siasa nimefanya. Lakini pole ile ilikuwa ya kweli. Zakayo nilikaa naye dawati moja."

Nilimtafuta uongo usoni, sikuuona. Mpaka leo ndicho kinachonishangaza kuliko vyote. Ningeweza kulala kama angekuwa mwongo.

Mwalimu Singano hakunigombeza. Nilimkuta ukutani, amekaa, birika la chai pembeni yake, amelowa. Nikasema, "Mwalimu, nisamehe." Akasema, "Nilipiga kioo." Nikamwambia nilimwona. Akageuza uso kunitazama, akanitazama sana. "Uliniona?" "Nilikuona, Mwalimu." Alichukua andazi moja lililopoa, akalitazama, akalirudisha kwenye sahani.

Kuanzia Alhamisi jina langu likawa Mheshimiwa Pole. Napeleka karoti sokoni, nasikia, "Mheshimiwa Pole, tenga bei gani?" "Mpeni pole awapunguzie!" "Mimi nimefiwa na kuku, Mheshimiwa, utaniwekea sahihi?" Siku ya uchaguzi nilipata kura ambazo ningeweza kuzialika zote nyumbani kwa chai. Yote hayo ni haki yangu na nayabeba. Athumani anasema nijibu mapigo, nami naendelea kuwauzia karoti. Nimejiapia jambo moja tu: kabla ya kukaa nitauliza kikao ni cha nini, hata kama kiti kimewekwa kanisani, hata kama anayenikaribisha analia. Watu wataniona sina adabu. Sawa.

Lakini kazi ngumu ilikuwa ya jioni ile ile ya Jumatano, kupanda kwa mama mkwe. Sikutaka asikie kwa wengine. Nilimkuta anachambua maharage, nikapiga goti nikamwamkia, nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi, pamoja na daftari. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Walisimama wote?" akaniuliza nilipomaliza.

"Wote, mama."

"Na yule mkubwa wao? Alivua kofia?"

"Alivua."

Mkono wake ukabaki ndani ya ungo. "Wewe ni mjinga, mwanangu," akasema. "Na mimi ningeingia." Halafu akaniambia nimsogezee taa, akaendelea na maharage yake, na hatukulizungumza tena.

Wiki iliyopita walikuja wapima. Mwanamume mmoja mnene, amechoka kwa kupanda, kopo la rangi nyekundu mkononi. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaomba radhi, akapaka X ukutani, kati ya mlango na dirisha. Rangi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe aliingia ndani, akatoka na maji kwenye jagi na kipande cha sabuni, akammiminia. Yule bwana akanawa mkono mmoja, akanawa wa pili, akasema ahsante mama, akaokota kopo lake akaenda nyumba ya jirani.